Bustani ya Jiji Iliyofufuliwa na Njia Zake za Baiskeli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Bustani iliyofufuliwa si sawa na ile iliyokuwepo miaka yote. Miti yake mingi bado michanga, udongo wake huenda umeletwa kwa malori, na maji yake yamepangiwa pa kwenda. Njia za baiskeli zinazoiunganisha na mitaa nazo zina tabia zake, kwa kuwa hufuata mto, mfereji au reli ya zamani, na watu wa kila mwendo hukutana humo. Majibu haya yameandikwa kwa anayetaka kuifaidi bila kuiumiza wala kujiumiza.

Bustani iliyofufuliwa ni ipi hasa?

Ni eneo la wazi la jiji lililotelekezwa, likaharibiwa au kupewa kazi nyingine, kisha likarudishiwa miti, maji na watu. Chimbuko lake ni muhimu kulijua, kwa sababu ndilo linaloeleza sheria zilizoandikwa kwenye bango la langoni.

Huko Valencia, Hispania, baada ya mafuriko ya mwaka 1957 Mto Turia ulichepushwa upite nje ya mji, na mkondo wake wa zamani ukageuzwa bustani ndefu ya kilometa tisa hivi. Mwendesha baiskeli hupita chini ya madaraja bila kukutana na magari. Katika bustani ya Bishan–Ang Mo Kio, Singapore, mfereji wa zege ulionyooka wa kilometa 2.7 uliondolewa, na mahali pake ukarudishwa mto unaojipinda wa kilometa 3.2. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 2012. Duisburg, Ujerumani, walichukua kiwanda cha chuma kilichozimwa mwaka 1985 wakaotesha bustani katikati ya matanuri yake.

Palipokuwa mto, tazamia maji. Palipokuwa kiwanda, heshimu udongo. Palipokuwa reli, furahi, kwa maana treni haziwezi kupanda milima mikali, kwa hiyo njia ya namna hiyo hupanda na kushuka kidogo sana. Ndiyo njia bora ya kumzoesha mtu aliyekaa miaka bila kupanda baiskeli.

Mbona njia hujaa maji kila mvua inaponyesha? Waliijenga vibaya?

Mara nyingi ni makusudi. Sehemu za chini za bustani hupokea maji ya mvua kutoka barabarani na kwenye mapaa, huyashika kwa muda, kisha huyaachia polepole yanywewe na udongo au yaingie mtoni. Bila hivyo maji hayo yangeingia majumbani. Njia inayopita humo hufungwa kwa saa kadhaa, nayo bustani inakuwa imefanya kazi yake.

Usipite kwenye maji ambayo huoni chini yake, hata kama unaijua njia. Maji huinua vifuniko vya chemba na kuchimba kingo za njia, na gurudumu la mbele likizama ghafla, mpandaji hurushwa juu ya usukani. Maji yaendayo kasi, hata ya kina cha sentimeta 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Pale penye taa za onyo au king'ora kando ya mto, kikilia, ondoka mara moja uelekee upande wa juu; usisubiri kuona maji yanapanda.

Hatari ya pili huja maji yakishaondoka. Hubaki utando mwembamba wa tope laini, mara nyingi kwenye kona, nao huteleza kama sabuni. Punguza mwendo kabla ya kona, usishike breki ukiwa ndani yake, na weka baiskeli wima.

Kuhusu mbu: yai huhitaji wastani wa siku saba hadi kumi kuwa mbu kamili. Bonde lililochimbwa vizuri hukauka ndani ya siku mbili au tatu, kwa hiyo haliwezi kuwakuza. Ukiona maji yaleyale yametuama wiki nzima, mtaro wa kutolea umeziba, na hilo ni la kutolewa taarifa.

Nahitaji baiskeli ya aina gani?

Karibu yoyote inayofunga breki vizuri. Njia hizi hubadilika njiani: lami, kisha changarawe iliyoshindiliwa, kisha mbao za daraja. Tairi la upana wa milimita 35 hadi 50 linazimudu zote. Tairi jembamba la mashindano linafaa kwenye lami, lakini kwenye changarawe huzama na kupoteza mshiko. Madigadi ni bora kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu tope la njia hizi lina mchanga, na mchanga ukiingia kwenye cheni huisaga kama msasa.

Urefu wa kiti uupime hivi: kaa kitini, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Goti linyooke bila nyonga kuinama upande mmoja. Ukisogeza mguu ili sehemu pana ya mbele ya wayo ndiyo ikanyage pedali, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Wengi huketi chini mno kwa kuogopa kuanguka, kisha hulalamika magoti baada ya kilometa tano.

Tairi nilijaze upepo kiasi gani?

Angalia ubavuni mwa tairi. Kiwango kimechapwa hapo, aghalabu kwa PSI, yaani kipimo cha msukumo wa upepo. Kama mwongozo, tairi la milimita 50 hutaka PSI 30 hadi 40, la milimita 35 hadi 40 hutaka 45 hadi 60, na la 28 huanzia 80 hivi. Mtu mzito au mwenye mzigo aelekee upande wa juu. Kwenye changarawe na mbao shusha kidogo, tairi lishike.

Kubonyeza kwa kidole gumba hakukwambii kitu juu ya tairi jembamba, maana linaonekana gumu hata likiwa nusu. Tumia pampu yenye kipimo angalau mara moja kwa wiki, kwa kuwa tyubu huvuja taratibu hata bila tundu.

Nikague nini kabla ya kuondoka?

Dakika mbili zinatosha. Vuta breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele: gurudumu la nyuma linyanyuke. Vuta ya nyuma, sukuma tena: gurudumu liburuzike bila kuzunguka. Mkono wa breki ukigusa usukani, waya umelegea. Kisha shika gurudumu juu, litikise kushoto na kulia. Likicheza, bearingi au ekseli imelegea. Zungusha pedali kwa nyuma usikilize cheni. Cheni inayolia kama panya ni kavu: tone moja la oili kwenye kila kiungo, zungusha, kisha ifute kwa kitambaa mpaka nje ibaki karibu kavu. Oili inayong'aa kwa nje haisaidii kitu, hukusanya vumbi tu.

Helmeti ikae juu ya nyusi kwa upana wa vidole viwili, mikanda ikutane chini ya sikio, na chini ya kidevu pabaki nafasi ya kidole kimoja au viwili. Ikishapigika mara moja kwa nguvu, ibadilishe hata kama huoni ufa. Povu la ndani hufanya kazi kwa kusagika, na likishasagika halirudi.

Njia ni ya watu wote. Nani ampishe nani, na kwa mwendo gani?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote hapa, kwa sababu bustani nyingi zilizofufuliwa vizuri hupoteza wazee na watoto kwa ajili ya mwendo wa baiskeli, si kwa wezi wala giza. Kanuni ni kwamba mwenye kasi ndiye anayempisha asiye na kasi. Baiskeli humpisha mtu wa miguu, na wote wawili humpisha mtu wa kiti cha magurudumu na mwenye fimbo nyeupe.

Tazama hesabu yenyewe. Mtembeaji huenda kilometa tano kwa saa. Ukiendesha kilometa 20 kwa saa unakata karibu mita 5.5 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka, kisha breki kwenye lami kavu, tayari umetumia kama mita kumi. Kwa kilometa kumi kwa saa, jumla yake ni mita nne hivi. Mtoto anayekimbilia mpira haonekani mita kumi kabla; huonekana mita nne kabla. Ndiyo maana penye watu uende kilometa kumi au chini ya hapo, na kasi ya kilometa 15 hadi 20 uiache kwenye vipande vitupu vinavyoonekana mpaka mwisho.

Njia ya pamoja ya pande mbili hujengwa kwa upana wa mita tatu au zaidi. Waendeshaji wawili sambamba na mtembeaji mmoja wameshaijaza, kwa hiyo jipangeni mstari mmoja mnapokutana na watu. Kaa upande uleule ambao magari ya nchi husika hukaa, na upite kwa upande wa pili.

Kengele ipigwe mapema, mita 20 au 30 kabla, mara moja au mbili kwa upole. Ikipigwa mgongoni mwa mtu humfanya aruke, na huwezi kujua atarukia upande gani. Asiyegeuka huenda hasikii au amevaa vipokea sauti masikioni. Usirudie kengele kwa hasira. Punguza mpaka mwendo wa miguu, sema "naomba kupita," kisha pita ukimwachia angalau mita moja. Kwa mbwa mwenye kamba ndefu, simama kabisa. Kamba nyembamba ikilala njiani haionekani, na ikiingia kwenye spoki huumia mbwa, mwenyewe na wewe.

Baiskeli za umeme zinaruhusiwa?

Soma bango la langoni, kwani kila mahali pana sheria yake. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, baiskeli yenye mota ya wati 250 inayoacha kusaidia ikifika kilometa 25 kwa saa huhesabiwa kuwa baiskeli ya kawaida. Hata inaporuhusiwa, kumbuka uzito: nyingi hufika kilo 20 na zaidi, hivyo husimama mbali zaidi na hugonga vibaya zaidi.

Mtoto wangu aanzie wapi?

Aanzie kwenye usawa, pedali baadaye. Chukua baiskeli ndogo, ng'oa pedali zote mbili, shusha kiti mpaka nyayo zake zikanyage ardhi sawasawa. Aanze kutembea akiwa amekaa, kisha kukimbia, kisha kuinua miguu na kuteleza. Akiteleza mita kumi bila kukanyaga, rudisha pedali. Magurudumu madogo ya pembeni huchelewesha jambo hili, maana humfundisha kuegemea upande usio sahihi kwenye kona.

Angalizo kwa anayeshika spana: pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Zote mbili hulegea ukigeuza kuelekea nyuma ya baiskeli na hukaza ukigeuza kuelekea mbele. Watu wengi huharibu mkono wa pedali wa kushoto kwa kukaza kwa nguvu wakidhani wanalegeza.

Chagua kipande kipana na tambarare, mbali na ukingo wa maji, asubuhi kabla ya watu kujaa. Nyasi fupi hazimwumizi akianguka, lakini humzuia kuteleza; changarawe laini iliyoshindiliwa ni bora. Mtoto wa kubebwa kwenye siti ya nyuma awe anaweza kukaa mwenyewe na kuubeba uzito wa helmeti kwa shingo yake. Siti nyingi za nyuma zina kikomo cha kilo 22, lakini fuata kilichoandikwa kwenye yako. Usimwache kamwe kwenye baiskeli iliyoegeshwa, hata kwa dakika moja, kwa kuwa stendi haikutengenezwa kubeba mtu.

Nikipata pancha mbali na lango?

Beba tyubu moja ya akiba ya ukubwa wako, vijiti viwili vya plastiki vya kutolea tairi, viraka na solusheni, msasa kidogo, pampu ndogo, na spana ya ekseli kama magurudumu yako yamefungwa kwa nati.

Sogea kwanza nje ya njia. Kama gurudumu ni la nyuma, hamishia cheni kwenye gia ya nyuma yenye meno machache kabisa kabla ya kulitoa. Toa upepo wote uliobaki, kisha minya kingo za tairi ziingie kwenye bonde la katikati ya rimu, mzunguko mzima. Hilo ndilo linalolegeza tairi, kuliko nguvu za mikono. Ingiza vijiti mbali na valvu, nyanyua upande mmoja, vuta tyubu nje. Bisibisi usiitumie, itakupa tundu la pili.

Jaza tyubu upepo na uipitishe karibu na shavu lako. Ngozi ya uso husikia upepo mwembamba ambao sikio halisikii. Ukishapata tundu, liweke sambamba na tairi kwa kufuata valvu, uone lilikuwa mahali gani. Hapo ndipo utafute mwiba au kigae. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, taratibu; kikinasa, umekipata. Anayebadilisha tyubu bila kutoa mwiba atasukuma baiskeli baada ya mita mia tano.

Tundu lenyewe huongea. Matundu mawili madogo sambamba, kama alama ya meno ya nyoka, maana yake upepo ulikuwa mdogo na tyubu ikabanwa kati ya rimu na ukingo wa jiwe. Tundu la upande wa ndani, ule unaogusa rimu, ni kichwa cha spoki au utepe wa rimu uliohama. Mpasuko kwenye shina la valvu hauzibiki. Weka tyubu mpya.

Kuziba: sugua kwa msasa mpaka mng'ao uondoke, paka solusheni nyembamba kupita ukubwa wa kiraka, kisha ngoja. Dakika tano hivi, mpaka iache kung'aa na isinate kidoleni kwa unyevu. Viraka vingi hubanduka kwa sababu ya kukosa subira hapo tu. Bandika na ukandamize kwa gumba kuanzia katikati kwenda kingoni. Unaporudisha, tia tyubu upepo kidogo ipate umbo, malizia tairi penye valvu kwa viganja, sukuma valvu juu mara moja ili tyubu isibanwe chini yake, kagua pande zote mbili, ndipo ujaze.

Vipi reli zilizobaki, vigingi na madaraja ya mbao?

Reli ikatizwe kwa pembe mraba, au karibu yake. Ukiipita kwa kuilalia, gurudumu huingia kwenye mfereji wake na kukuangusha papo hapo. Vigingi vya langoni vimewekwa kuzuia magari. Hatari yake ni kwa anayefuata nyuma ya mwenzake asivione, kwa hiyo wa mbele aseme "kigingi!" Mbao zenye umande huteleza kuliko lami yenye mvua. Pita wima, bila breki, bila kukata kona.

Kwa nini nisikate njia kwenye nyasi ikiwa nitafupisha mita hamsini?

Kwa sababu ya mizizi. Mizizi midogo inayonyonya maji na chakula iko karibu na uso wa ardhi, mingi ndani ya sentimeta 30 hadi 60 za juu, na hutambaa mbali kupita kivuli cha matawi. Magurudumu na nyayo hushindilia udongo, nafasi ndogo za hewa na maji huzibwa, na mzizi hukosa pumzi. Mti hauanguki siku hiyo. Huanza kukauka ncha za juu baada ya msimu mmoja au miwili, na wakati huo hakuna anayekumbuka njia ya mkato. Udongo wenye maji hushindilika upesi kuliko mkavu, kwa hiyo siku ya mvua ndiyo mbaya zaidi.

Kamba na uzio mwepesi kuzunguka miche ni kwa ajili hiyo. Matandazo ya maganda au majani nayo yaachwe yalipo, unene wa sentimeta tano hadi kumi. Na yakiwa yamerundikwa yakagusa shina, msimamizi aambiwe, kwa sababu shina huoza hapo.

Naweza kufunga baiskeli kwenye mti?

Hapana. Chakula cha mti hupita kwenye tabaka jembamba lililo chini tu ya gome, na mnyororo unaosugua mti mchanga hulikata. Likikatwa mzunguko mzima, mti hufa. Tumia nguzo za kuegeshea, na kufuli lipite kwenye fremu pamoja na gurudumu, si gurudumu peke yake.

Palikuwa kiwanda. Je, ni salama kuketi na watoto kucheza?

Eneo la namna hiyo hupimwa, na palipo na sumu udongo huondolewa au hufunikwa kwa kitambaa maalumu na tabaka la udongo safi. Kukaa, kutembea na kucheza juu yake ni salama kwa sababu ya tabaka hilo, ndiyo maana kuchimba, kupiga vigingi vya hema na kung'oa mimea hukatazwa. Watoto wanawe mikono kabla ya kula. Ukiona kitambaa kimechomoza baada ya mvua kubwa, usikifukie, toa taarifa. Na palipoandikwa usiogelee, tii hata maji yakionekana meupe: uchafu mzito hukaa kwenye tope la chini, nawe ukikanyaga unauamsha.

Tunaweza kuwapa bata mkate?

Msiwape. Hauwajengi mwili, na unaobaki huoza majini, ukarutubisha mwani unaomaliza hewa ya samaki.

Radi ikianza nikiwa katikati ya njia?

Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo. Zikiwa 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilometa kumi hivi na unapaswa kuwa ndani ya jengo imara au gari lenye paa. Kibanda cha wazi hakitoshi, na mti uliosimama peke yake ndio mahali pabaya kuliko pote. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho ndipo urudi njiani.

Na usiku?

Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Elekeza ya mbele chini, imulike mita tano hadi kumi mbele yako. Ukiinyanyua unawapofusha wanaokuja, nao ndio watakaokugonga. Taa za njiani mara nyingi hupunguzwa karibu na mto kwa ajili ya popo na wadudu, kwa hiyo usitegemee za bustani pekee.

Nikikuta shimo, mti ulioanguka au taa iliyokufa, nitoe taarifa vipi ili ifanyiwe kazi?

Andika namba iliyo kwenye nguzo ya kilometa au nguzo ya taa iliyo karibu, kwa maana "karibu na daraja" huwa na madaraja matatu. Piga picha mbili: moja ya karibu, ukiweka pampu au kiatu kando ya shimo ili ukubwa uonekane, na moja ya mbali inayoonyesha kitu kinachotambulika. Taja upande wa njia, saa, na kama baiskeli bado zinaweza kupita. Tuma kwa namba au anwani iliyo kwenye bango la langoni, hifadhi tarehe, na ukipita tena ukakuta hali ileile, tuma upya ukirejea taarifa ya kwanza. Tawi linaloning'inia juu ya njia au waya wa umeme uliolala usingoje kuandika: piga simu, simama mbali, na uwaonye wanaokuja kutoka pande zote mbili.